Sola juu ya gari: kabla hujailaumu paneli

"Fundi, hii paneli feki. Wati 200, lakini friji inazima saa nane usiku!"

Ni dereva wa safari hapa Arusha, na Land Cruiser yake yenye hema la juu. Malalamiko haya nayasikia sana, na mara nyingi paneli haina kosa.

Nikapanda kwenye keria. Ilikuwa saa tatu asubuhi, na tairi la akiba lililofungwa kando ya paneli lilikuwa limeangusha kivuli cha upana wa kiganja kwenye seli za ukingoni. Seli zimeungwa kwa mfululizo, kama watu wanaopokezana ndoo: mmoja akizubaa, foleni yote inasimama. Paneli nyingi zina daiodi, vipitisha umeme vya upande mmoja, zinazoruka kundi lenye kivuli, na kundi hilo kwa kawaida ni theluthi ya paneli nzima. Tairi likahamia mlango wa nyuma.

Kisha nikatoa mita. Kwenye kontrola, kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri, nikasoma volti 14.4, kwenye taminali za betri 13.5. Aliyefunga alitumia waya wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi za nyumbani, mita 6 kwenda na 6 kurudi. Ampia 10 zikipita humo, karibu volti nzima inaishia kuupasha waya moto. Ubaya zaidi, kontrola inadhani betri inakaribia kujaa, inabana chaji, kumbe betri bado ina njaa. Nikaisogeza kontrola hadi jirani na betri, nikavuta waya wa milimita za mraba 10.

Joto nalo lina wizi wake. Paneli hupimwa kiwandani seli zikiwa nyuzi 25. Kila nyuzi inayozidi hula takriban asilimia 0.4. Seli zikifika 65, wati 200 zinabaki kama 168. Kwa hiyo siigandishi paneli kwenye bati kwa gundi. Naacha upenyo wa vidole vinne hewa ipite.

Wageni wanaoleta magari yao kutoka Ulaya huniuliza vyuma vya kuinamisha paneli. Kwao wakati wa baridi jua liko chini, wana haki. Arusha iko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta. Ilaze tu, ila ifute vumbi asubuhi kabla kioo hakijapata moto.

Juzi dereva kanitumia picha kutoka porini, soda zinatoka jasho la baridi. Nyuma yake naona keria: pale lilipokuwa tairi, kafunga madumu mawili ya maji.