Injini ya Kujengea Gari la Drag Bila Turbo: Yasemwayo Barazani na Yalivyo

Gereji yangu iko Malindi, upande wa Barani. Ijumaa baada ya sala hawakosi vijana wawili watatu wenye swali moja: "Fundi, niweke injini gani?" Anayetaka turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, namwelekeza kwa mwenzangu. Mimi hukaa na wale wanaotaka injini ivute hewa kwa pumzi yake yenyewe, na hao ndio wenye maneno mengi ya barazani. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini wahenga hawakununua injini ya mtumba.

Kwanza tuelewane: drag ni mbio za mita 402 zilizonyooka, mahali palipofungwa. Barabara ya Mombasa ina bodaboda, mbuzi na watoto wa shule. Anayetaka gari la kushindania huko, simjengei.

"Cc ndiyo kila kitu."

Cc ni ujazo wa silinda zote, elfu moja ni lita moja. Neno hili lina ukweli nusu, ndiyo maana linapoteza watu. Injini ya mapigo manne hujaza silinda zake mara moja kila mizunguko miwili. Kwa hiyo chukua lita zake, zidisha kwa mizunguko ya dakika moja, gawa kwa mbili: hiyo ndiyo hewa inayoweza kumeza. 1NZ-FE iliyomo kwenye Probox ni lita 1.5. Kwenye mizunguko 6,000 ni lita 4,500 za hewa kwa dakika, na inatoa nguvu ya farasi 109 hivi. 2JZ-GE ya Toyota isiyo na turbo ni lita 3.0, kwenye mizunguko hiyohiyo inameza lita 9,000, na farasi wake ni 220 hadi 230 kutegemea gari ilimotoka. Zote mbili zinakula karibu lita 40 za hewa kwa kila farasi. Hadi hapo baraza limeshinda.

Sasa weka K20A ya Honda Integra Type R iliyotoka 2001. Lita 2.0, mizunguko 8,000, lita 8,000 za hewa, farasi 220. Huyu anatumia lita 36 tu kwa farasi mmoja, na amemfikia mkubwa wake kwa theluthi mbili ya cc. Tofauti iko kwenye hedi, kile kichwa cha juu ya silinda: valvu, njia za hewa, na kamshafti, yaani shafti ya kufungua valvu, inayobadilisha lobu (nundu zake) mizunguko inapopanda, ili silinda iendelee kushiba pale ambapo nyingine zinaanza kuhema. Unaponunua injini ya kujengea bila turbo, hedi ndiyo unayolipia. Bloki huja nayo.

"Basi ndogo inayozunguka sana ndiyo bora."

Kuzunguka kuna gharama. Nguvu inayovuta konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, pale pistoni inapogeuza huongezeka kwa mraba wa mizunguko. Toka 7,000 hadi 8,000 ni mizunguko elfu moja tu, lakini mzigo unapanda kwa asilimia 31. Kisha tazama mwendo wa pistoni. 4A-GE ya Toyota pistoni yake husafiri milimita 77, kwa hiyo kwenye 8,000 inakwenda wastani wa mita 20.5 kwa sekunde. K24 ya Honda husafiri milimita 99, na kwenye mizunguko hiyohiyo ni mita 26.4. Ya kwanza inavumilia kwa vipuri vingi vya kiwandani. Ya pili inataka konrodi, bolti na pistoni zilizofuliwa (forged), na pesa ya hivyo vyote uiweke kando kabla hujanunua injini yenyewe. Nimeona bloki iliyotobolewa na konrodi. Tundu lake unaingiza ngumi.

"Injini ya fimbo za kusukuma valvu ni ushamba."

Haya husemwa na watu ambao hawajaona Pro Stock, daraja la magari ya drag ya chama cha NHRA, Marekani. Ni lita 8.2, kamshafti moja ndani ya bloki, valvu mbili kwa kila silinda, turbo hakuna. Mwaka 2016 waliacha kabureta wakaingia injeksheni, na mizunguko ikawekewa kikomo cha 10,500. Farasi ni zaidi ya 1,300, na mita 402 zinakwisha kwa sekunde sita na nusu hivi. Hata LS3 ya kawaida ya Corvette ya 2008, lita 6.2, ilitoka kiwandani na farasi 430. Kwetu kikwazo ni bei na spea, si fimbo.

"K20 ni K20."

Hili lilinila mwenyewe. Nilikwenda Mombasa kununua K20A ya ex-Japan, yaani mtumba kutoka Japani, muuzaji akanionyesha jina lililochongwa kwenye bloki, tukapeana mikono. Nilipofungua kifuniko cha valvu hapa Malindi nikakuta hedi ya gari la familia, ile iliyotengenezwa kubana mafuta. Honda iliandika K20A kwenye injini ya Type R ya farasi 220 na pia kwenye ya Stepwgn ya farasi 160 hivi. Toyota ni hivyohivyo: 3S-FE na 3S-GE ni ndugu wa bloki, lakini hedi ya FE haikuumbwa kwa mbio, na 4A-FE na 4A-GE vilevile. Usitoe pesa kabla kifuniko hakijafunguliwa na hujaziona kamshafti kwa macho yako. Muuzaji akikataa, shekhe, panda matatu urudi.

"Hewa ni hewa."

Injini ya turbo inaweza kusukumiwa hewa zaidi ikipungua. Isiyo na turbo inakula inachopewa na anga. Hapa Malindi tuko usawa wa bahari, Nairobi iko mita 1,700 hivi juu yake. Hata ukihesabu joto letu na unyevu wetu, ambao siku mbaya hujaza mvuke mahali pa asilimia tatu ya hewa, bado silinda ya Malindi hupata oksijeni zaidi. Ukipanda na gari lilelile Nairobi unapoteza kama farasi mmoja katika kila saba. Sekunde 14 za pwani zinakuwa karibu 14.7 za bara. Hapo ndipo cc inaporudi na heshima yake: anayekwenda kushindana bara namwambia achague injini kubwa zaidi kuliko ile ingemtosha hapa.

Na hewa ya chini ya boneti si hewa ya nje. Injini ikivuta ya nyuzi 60 badala ya 30, imekosa karibu asilimia tisa kabla cheche haijaruka. Bomba la kuvutia hewa ya mbele ya gari ni kazi ya asubuhi moja.

"Pandisha kompresheni, fungua egzosi."

Kompresheni, yaani mara ngapi silinda inabana hewa yake, kutoka 10 hadi 12 inaleta asilimia tatu au nne ya nguvu, na petroli ya pampu inaweza kuanza kugonga, yaani kujilipukia ovyo ndani ya silinda. Bomba nene la egzosi huleta kelele. Tusipoteze muda hapo.

"Mwenye farasi wengi ndiye mshindi."

Farasi wakiongezeka maradufu, muda wa mita 402 hupungua kwa moja ya tano tu, na kilo zina sauti sawa na farasi. Halafu gari likiondoka, uzito hukimbilia nyuma. K20 inayovuta kwa mbele huachwa na uzito kwenye tairi zilezile zinazouhitaji. 2JZ yenye bloki ya chuma ni nzito, lakini ndani ya Mark II inasukuma kwa nyuma, na uzito huo unaihudumia.

Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea Corolla ya kilo elfu moja na orodha ya injini nne. Nikamwambia tuanze na spana. Tukatoa viti vya nyuma, tairi ya akiba, jeki, spika na zulia lililoshika chumvi ya bahari, tukavipanga kwenye mizani ya jirani anayenunua chuma chakavu. Kilo 58. Kwa gari lake hiyo ni kama robo ya sekunde, na injini bado ni ileile aliyokuja nayo. Orodha ameiacha mezani kwangu, chini ya kikombe cha kahawa.