Tangazo la kazi mtandaoni: yanayoaminika na yaliyo kweli

Mwajiri mdogo wa Mwanza au Nakuru siku hizi halipii nusu ukurasa gazetini. Anatupia nafasi LinkedIn, BrighterMonday na kwenye magrupu ya WhatsApp, na kufikia jioni simu imejaa CV. Kumpata anayefaa ni habari nyingine, na kinachokwamisha mara nyingi ni imani hizi.

Dhana: Maombi yakiwa mengi, tangazo limefanikiwa.

CV mia tatu za nafasi moja hazisomwi na mtu. Za mwanzo zinasomwa, zilizobaki zinapitiwa juu juu, na huenda yule unayemtaka yuko huko chini. Tangazo zuri huwafanya wasiofaa waache wenyewe kabla ya kutuma.

Tazama tangazo la aina tunayoiona kila siku: "Anahitajika mhasibu. Awe na shahada, uzoefu usiopungua miaka 5, umri usiozidi miaka 30, mchapakazi na mwaminifu. Mshahara: maelewano." Atafanya nini hasa? Haijulikani, kwa hiyo kila mtu anaomba.

Sasa nafasi hiyohiyo ikiandikwa hivi: "Mhasibu msaidizi, duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Igoma, Mwanza. Utaingiza mauzo kwenye programu ya Tally, utalinganisha risiti za EFD na taarifa ya benki kila siku, na utaandaa kodi ya mishahara (PAYE) kabla ya tarehe 7 na ritani ya VAT kabla ya tarehe 20. Jumatatu hadi Jumamosi. Stashahada ya uhasibu au cheti cha ATEC II, na uwe umewahi kuandaa ritani za VAT mwenyewe." Aliyewahi kuhangaika na ritani anajiona humo. Asiyewahi anapita. "Mchapakazi" na "mwaminifu" nimeyafuta, maana sijaona mtu aliyeacha kuomba kazi kwa sababu anajijua ni mvivu.

Dhana: Vigezo vikiwa vikubwa, watakuja walio bora.

Watakuja wanaothubutu. Wenye kujipima kwa uangalifu hukaa pembeni, na mara nyingi hao ndio wahasibu wazuri. Halafu piga hesabu: anayemaliza chuo na miaka 24 anafikisha miaka 5 ya uzoefu akiwa na 29. Tangazo la kwanza limemwachia mwaka mmoja tu wa kufaa.

Dhana: Kampuni ni yangu, nachagua umri na jinsia nitakavyo.

Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi ya umri, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na mingineyo, na kwa kifungu hicho mwombaji wa kazi naye anahesabiwa kuwa mwajiriwa. Isipokuwa pale ambapo sifa hiyo ni ya lazima kwa kazi yenyewe. "Binti mwenye mvuto, chini ya miaka 25" kwa nafasi ya mapokezi haimo. Kenya nako ubaguzi, wa jinsia ukiwemo, umekatazwa na kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007.

Dhana: Mshahara ni siri, utajadiliwa kwenye usaili.

Naielewa hofu: wafanyakazi wa ndani wataona, na mshindani wa mtaa wa pili ataona. Lakini mtu mwenye kazi yake haombi ruhusa ya siku nzima kwenda usaili wa "maelewano". Akienda, mnaachana dakika ya mwisho kwa tofauti ambayo mngeijua siku ya kwanza. Matangazo ya Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali ya Tanzania, huandika ngazi ya mshahara waziwazi, kwa mfano TGS D, na jimbo la Colorado huko Marekani limefanya kutaja mshahara kwenye tangazo kuwa sheria tangu 2021. Ukiona taabu kutaja kiasi kamili, weka kuanzia na hadi.

Dhana: Bango zuri la picha linatosha.

Kwenye stetasi, sawa. Ila kisanduku cha kazi kinachotokea ukitafuta kazi Google huchota kurasa za maandishi zenye jina la kazi, mwajiri, mahali na tarehe. Weka na tangazo la maandishi pia.

Dhana: Wakitaka kazi kweli watatuma kila kitu.

Nakala ya kitambulisho cha NIDA, vyeti vyote na picha, kwa namba ya WhatsApp isiyo na jina la kampuni? Hivyo ndivyo matapeli wanavyofanya, kisha wanadai "hela ya fomu". Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na CV ya mtu ni taarifa binafsi. Hatua ya kwanza omba CV na barua, vyeti utavikagua kwa wachache utakaowaita. Weka jina la kampuni, mahali ilipo na barua pepe yake. Mwenye ajira mkononi akikosa hayo matatu hatumi kitu, unabaki na wale wasio na cha kupoteza.