Je, wajua kwa nini treni ya mfano huendeshwa vizuri zaidi kwa wenzo kuliko kwa kifundo?

Mpe dereva wa treni halisi rimoti ya kawaida ya treni ndogo za mfano, na huenda swali lake la kwanza likawa: breki iko wapi? Rimoti nyingi zina kifundo kimoja tu. Ukikizungusha kama cha sauti ya redio, treni inaongeza mwendo. Ukikirudisha nyuma, inasimama. Mwendo wote umo kwenye vidole vyako. Raha hiyo hakuna dereva wa treni ya mizigo anayeijua.

Kwenye kichwa cha treni cha dizeli, wenzo mkuu hauamui mwendo, unaamua nguvu. Vichwa vya Kimarekani vina nafasi ya injini kunguruma bila kuvuta, kisha ngazi nane. Kila ngazi huiamuru injini izunguke kwa kasi fulani, na jenereta itoe umeme wa kiasi fulani kwa mota zilizo kwenye ekseli. SD40-2, kichwa kilichoanza kuundwa mwaka 1972, kikifika ngazi ya nane injini yake huzunguka mara 900 kwa dakika na kutoa nguvu za farasi 3,000. Mwendo wenyewe ni shauri la mzigo, mwinuko na kona. Ngazi ileile inaweza kukupeleka mbio kwenye tambarare na kukufanya utambae mlimani. (Zimekuwa nane kwa sababu wenzo huwasha na kuzima nyaya chache tu, na michanganyiko ya nyaya hizo ndiyo ngazi zenyewe. Nyaya hizohizo hupita kwenye kebo hadi vichwa vingine vilivyofungwa pamoja, ili dereva mmoja aviendeshe vyote.)

Basi kwa nini treni ya mfano isijifanyie hivyo yenyewe? Kwa sababu uzito haupungui kama urefu unavyopungua. Kipimo cha HO, kinachopendwa sana na wapenzi wa treni ndogo, ni 1 kwa 87. Urefu hupungua mara 87, upana mara 87, kimo mara 87. Zidisha hayo yote na uzito unakuwa umepungua zaidi ya mara 650,000. Behewa la tani 100 linabaki na gramu 150 hivi. Kitu chepesi namna hiyo hakina ubishi: ukikisukuma kinakwenda, ukikiacha kinasimama.

Gia nazo zinazidisha tatizo. Vichwa vingi vya mfano vina gia ya skrubu kati ya mota na magurudumu. Mota inaweza kuyazungusha magurudumu, lakini magurudumu hayawezi kuizungusha mota. Ukikata umeme ghafla, magurudumu yanajifunga na treni inaganda hapohapo. Watengenezaji hufunga vigurudumu vizito vya shaba kwenye mhimili wa mota ili iendelee kuzunguka kidogo, na hivyo husaidia, ila kwa sentimita chache tu.

Kwa hiyo uzito usiokuwepo hutengenezwa kwa hesabu. Katika mfumo wa kidijiti uitwao DCC, ambao viwango vyake husimamiwa na NMRA, chama cha wapenzi wa treni za mfano cha Marekani, reli hubeba umeme na amri kwa pamoja. Ndani ya kila kichwa kuna dikoda, kibao kidogo cha elektroniki kinachopokea amri zake na kuiendesha mota. Dikoda ina namba za kurekebishwa, ziitwazo CV. Namba ya tatu, CV3, huamua treni ichelewe vipi kuchanganya mwendo. CV4 huamua ichelewe vipi kupunguza. Kwa kanuni ya NMRA, zidisha thamani ya CV3 kwa 0.896 na utapata sekunde za kutoka kusimama hadi mwendo wa juu kabisa. Ukiweka 50, unasubiri sekunde 45 hivi.

Hapo ndipo kifundo kinapoanza kukukera. Ukikirudisha hadi sifuri treni haisimami papo hapo, na huna kitu kingine cha kushika. Ndiyo maana kampuni ya Iowa Scaled Engineering ya Marekani ilitengeneza ProtoThrottle, kidhibiti cha mkononi kisicho na waya kilichoigwa kutoka kwenye meza ya dereva wa dizeli: wenzo wa ngazi nane, wenzo wa mbele na nyuma, wenzo wa breki, honi, kengele na swichi za taa. Ngazi nane hutafsiriwa kuwa namba za mwendo ambazo DCC inazielewa, na breki hutumwa kama amri inayoiambia dikoda ipunguze mwendo haraka kuliko CV4 inavyoruhusu.

Kwa maoni yangu, breki ndiyo roho ya kifaa hiki. Ngazi nane peke yake ni pambo. Wenzo wa nguvu unaurudisha chini mapema, treni inaendelea kujiendea yenyewe, halafu unagusa breki kidogo, unaachia, unagusa tena. Utamu wake hauonekani kwenye mbio bali yadini, wakati wa kupanga mabehewa. Mwendo wa kilomita 6 kwa saa, ukipunguzwa kwa kipimo cha HO, ni chini ya sentimita 2 kwa sekunde. Behewa la mfano la sentimita 14 linachukua sekunde saba kupita mbele ya macho yako. Kwa mwendo huo ukichelewa breki kidogo, mabehewa yanagongana badala ya kushikana.

Sauti nayo inakuwa na maana. Dikoda ya sauti kama LokSound ya kampuni ya ESU inaweza kutenganisha mngurumo na mwendo. Ukipandisha ngazi mbili, injini inapaza sauti kwanza, kichwa kinafuata baadaye. Ukirudisha wenzo kwenye mteremko, injini inatulia huku treni ikiteleza. Honi pia ina utaratibu wake: Marekani, kabla ya barabara inayokatiza reli, dereva hupiga mbili ndefu, moja fupi na moja ndefu, na hiyo ya mwisho huishikilia mpaka kichwa kifike barabarani.

Kabla ya kununua, angalia dikoda yako, maana si zote zina amri ya breki. Isiyo nayo itakupa wenzo wa kuvuta tu, na itabidi uishushe CV4 ili treni iweze kusimama. Iliyo nayo, ipandishe CV4 juu sana na uiachie breki kazi yake.