Kuimarisha chesisi ya gari la safari: mambo ya kukubaliana na fundi kabla ya kuwasha mashine

Msimu wa masika unapokaribia na wageni kupungua, magari ya watalii hapa Arusha hurudi gereji kwa wingi, na kazi inayoombwa kwa maneno machache kuliko zote ni hii: "Fundi, chesisi imepasuka, piga bamba." Ombi hilo naliheshimu, kwa sababu mwenye gari anaona ufa na anajua kwamba gari likisimama halimwingizii kitu. Hata hivyo, bamba likichomelewa kabla ya kujulikana kwa nini chuma kilipasuka, mara nyingi ufa mwingine hutokea pembeni mwa bamba hilohilo. Ninaandika kwa ajili ya mwenye gari anayetafuta msaada wa kazi hii, ili ajue la kuuliza na la kukataa.

Magari ninayoyazungumzia zaidi ni Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambazo mara nyingi hununuliwa zikiwa pikapu, kisha chesisi hukatwa na kurefushwa ili kupata nafasi ya viti vya wageni na paa la kuinuka. Chesisi yake ni ya ngazi, yaani mihimili miwili mirefu iliyounganishwa kwa vyuma vya kukingama, na imeundwa ijipinde kidogo pale gurudumu moja linapopanda jiwe na jingine likiwa shimoni. Kwenye barabara ya changarawe kutoka Lango la Loduare la Ngorongoro kuelekea Naabi, lango la Serengeti, yale matuta madogo yaliyopangana kama mawimbi huipinda na kuirudisha chesisi mara nyingi mno kwa safari moja. Chuma hakivunjiki kwa sababu tuta moja lilikuwa kubwa kupita kiasi. Huchoka polepole, na huanza kufunguka mahali ambapo mkazo umekusanyika: kwenye tundu la boliti, kwenye kona kali, penye mshono wa zamani au pale sehemu ngumu inapokutana ghafla na sehemu laini.

Ndiyo maana jambo la kwanza ni kuusoma ufa wenyewe. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, uzito wa abiria huukandamiza mhimili kwa juu na kuuvuta kwa chini, kwa hiyo ufa unaoanzia ukingo wa chini katika eneo hilo huashiria mzigo uliozidi katikati, au kiungo dhaifu cha urefushaji. Ukiuona ufa unaanzia ukingo wa juu, karibu na ekseli ya nyuma au nyuma tu ya kabini, basi tazama kinachoning'inia nyuma ya gari: matairi mawili ya akiba, madumu ya mafuta, sanduku la vifaa. Mzigo huo huuvuta mhimili kwa juu kila gari linaporuka, na bamba peke yake halitauponya ikiwa mzigo utabaki palepale. Ufa unaozunguka kishikio cha springi au cha shokapu una hadithi nyingine, kwani mara nyingi bushi zimekwisha au springi imelala, na chuma kinapokea vipigo vilivyopaswa kumezwa na mpira. Fundi anayeanza kukata bamba bila kulala chini ya gari na kuyatazama hayo yote anatibu dalili.

Mwisho wa ufa hauonekani kwa macho matupu. Njia ya zamani ambayo bado naitumia ni kusafisha chuma hadi king'ae, kupaka mafuta ya taa, kusubiri kidogo, kufuta vizuri na kisha kupaka chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hutoka na kuchora mstari juu ya weupe wa chaki. Zipo pia rangi maalumu za kupenya zinazofanya kazi hiyohiyo kwa usahihi zaidi. Mwisho huo ukishapatikana, hutobolewa tundu dogo la milimita 5 au 6 ili ncha kali ya ufa iwe duara na isiendelee kukimbia. Kisha ufa hufunguliwa kwa grainda uwe na umbo la V, huchomelewa hadi ndani, na mshono husagwa usawa na chuma. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi mitaani: ufa hufunikwa na bamba ukiwa bado wazi, nao unaendelea kukua gizani.

Sasa tulifikie bamba lenyewe. Wateja wengi hutaka chuma kinene, na wapo mafundi wanaowaridhisha kwa kuchomelea bamba la milimita 8 juu ya mhimili wa milimita 3 au 4. Kiraka cha turubai kikishonwa kwenye kanga, kanga haitachanika penye kiraka, itachanika pembeni yake. Na chesisi ni hivyo hivyo. Bamba lisizidi unene wa chesisi, liwe la chuma laini cha kawaida, na lipite ufa kwa kila upande kwa urefu usiopungua kimo cha mhimili. Ncha zake zikatwe kwa mshazari, kama nyuzi 30 hadi 45, ili ugumu uongezeke taratibu kadiri unavyosogea kuelekea katikati. Bamba la mraba lenye mshono uliosimama wima, unaoukata mhimili kuanzia juu hadi chini, linachora mahali ambapo chesisi itakatikia, na mimi hulikataa hata mteja akisema ndivyo alivyofanyiwa rafiki yake.

Mishono nayo ina mahali pake. Ukingo wa juu na wa chini wa mhimili ndiko mkazo ulikojaa, na joto la kuchomelea hubadilisha tabia ya chuma kandokando ya mshono. Kwa hiyo bamba hukaa kwenye ubavu wa mhimili, mishono ikiwa mbali kidogo na kona zilizokunjwa. Malori makubwa ni suala jingine kabisa. Baadhi yake yana chesisi za chuma kilichoimarishwa kwa joto kiwandani, na mtengenezaji hukataza kuzichomelea kwa sababu nguvu ile hupotea. Huko mabamba hufungwa kwa boliti, na fundi anayedai kwamba chuma chote ni kimoja asipewe kazi hiyo.

Kuhusu mashine, mafundi wengi wa mitaani hutumia transfoma za umeme geugeu (AC) na fimbo za kuchomelea (elektrodi) za E6013, ambazo huwaka kwa urahisi na zinafaa kwa mageti na madirisha. Kwa chesisi ninapendelea E7018, ambayo mshono wake hunyumbulika zaidi na hauingizi haidrojeni nyingi inayoleta nyufa. Fimbo hiyo, ya aina ya kawaida, inataka mashine ya umeme mnyoofu (DC), na inataka ukavu: pakiti iliyokaa wazi wakati wa mvua imeshapoteza faida yake hadi irudishwe kwenye oveni maalumu. Fimbo ya milimita 2.5 kwa takriban ampea 70 hadi 100 inatosha chesisi ya unene huu, na kwenye mshono wa kusimama fundi apandishe kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa ukishushwa chuma kilichoyeyuka hutangulia na kulala juu bila kuungana. Mashine ya MIG, inayochomelea kwa waya na gesi, ni nzuri vilevile, mradi kazi isifanyike uwanjani kwenye upepo unaopeperusha gesi ya kukinga.

Kama humjui fundi, cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ni mwanzo mzuri, lakini jaribio la dakika chache linaeleza zaidi. Mwombe achomelee vipande viwili vya chuma chenye unene kama wa chesisi yako, kimoja kikiwa kimesimama juu ya kingine, kwa upande mmoja tu. Kisha kipande cha chini kibanwe kwenye jiliwa na kile kilichosimama kipigwe nyundo kuelekea upande wenye mshono. Mshono ukifunguka, uone kama shina lake limeyeyuka na kushikana au ulikuwa umebandikwa tu. Fundi mzuri hakasiriki akiombwa hivyo.

Kazi ya maandalizi unaweza kuifanya mwenyewe na kupunguza gharama: kuosha, kuondoa rangi na kutu, kukata kigezo cha bamba kwa karatasi ya boksi. Usisafishe kwa dawa za breki zenye klorini, kwa sababu mabaki yake yakikutana na joto na mwanga wa moto wa kuchomelea hutoa fosjini, gesi yenye sumu kali. Usilete bamba la chuma chenye zinki pia. Mafusho yake huleta homa na baridi saa kadhaa baadaye, na wengi hudhani wameshikwa na malaria. Betri na kompyuta ya gari vichomolewe, mabomba ya mafuta na ya breki yaondolewe au yakingwe, na kibano cha ethi (waya wa mashine unaorudisha umeme) kifungwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa, maana umeme ukilazimika kupita kwenye beringi huzichoma.

Gari likae sawa juu ya magurudumu yake au stendi zilizowekwa chini ya ekseli, na vipimo vya kona kwa kona vichukuliwe kabla bamba halijashikizwa. Fundi achomelee vipande vifupi akihama upande huu na ule, aache chuma kipoe chenyewe, na asimwage maji.

Mwisho paka rangi ya kijivu hafifu badala ya nyeusi, na uache upenyo upande wa chini ili maji yatoke. Baada ya safari ya kwanza ya porini, osha eneo hilo na uzitazame ncha za bamba kwa tochi: mstari mwembamba wa kutu unaopenya kwenye rangi ni ufa mpya, na gari lirudi gereji kabla ya kupakia wageni wengine.