Kutu inaanza ndani ya zege, na waya wa kioo unaiskia kabla ya ufa

Wiki ilopita nimeitwa Likoni, hapa Mombasa, kwa nyumba moja ya ghorofa, balkoni imemwaga vipande vya zege usiku, bahati watoto walikua washaingia ndani. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, akanambia "mwanangu, mbona juzi tu nimepaka rangi na ilikua nzima?" Nikaangalia juu, nondo ziko wazi, zimevimba zinabanduka maganda kama gome la mwembe. Haikua ya juzi ile, kutu ilikua inakula miaka ndani kwa ndani na nje hakuna kitu unaona, na hapo ndo ilipo shida ya kutu ya huku pwani.

Mimi kazi yangu ni sensa za mwanga, nafunga nyuzi za kioo kwenye vyuma na zege, na yule mama ndo amenifanya nikae niandike hii manake aliniuliza swali la maana sana, "hakuna kitu kingetuambia mapema?" Kipo mama.

Lakini lazima kwanza uielewe kutu yenyewe. Kutu inavimba. Chuma kikiliwa, ile kutu inataka nafasi mara 2 mpaka 6 kuliko chuma kilichopotea, na zege unaweza kuligandamiza utakavyo lakini ukilivuta linapasuka upesi. Zege zima lina ualkali mkali, pH 12.5 hivi au 13, na kwa hali hiyo chuma kinajivika ngozi nyembamba sana inayokilinda, sasa chumvi ikipenya mpaka kwenye nondo ile ngozi inatoboka. Na chumvi hapa Mombasa inakuja yenyewe, kusi ikivuma inaibeba mpaka kwa nyumba ambazo haziuoni hata ufuo, halafu kuna mafundi wanachanganya simiti na maji ya kisima ya chumvi, hapo umeikaribisha kutu siku ya kwanza. (Zile nyumba za Mji wa Kale za matumbawe, chokaa na boriti za mikoko hazina hii taabu, hamna chuma ndani cha kuvimba.)

Njia ya zamani ni kugonga na nyundo uskize kama ndani kuko wazi, lakini ukiskia sauti hiyo basi zege lishaachana na nondo, umechelewa. Kuna ile ya kupima volti juu ya zege pia, ni nzuri na naitumia, ikishuka chini ya -350 milivolti ukipima kwa elektrodi ya shaba, ile ncha unayoigusisha zege, basi uwezekano wa kutu ni zaidi ya asilimia 90, ila huo ni uwezekano, na lazima uende na mguu wako kila mara upime.

Sasa waya wa kioo. Ni faiba ileile ya intaneti, unene wake mikromita 125 (mikromita ni milimita moja ukiigawa mara elfu), na katikati kuna kiini ambacho mwanga unapita, kama mikromita 8 au 9 tu. Mwaka 1978 Kenneth Hill na wenzake kule Kanada waligundua kwamba mwanga mkali unaweza kukibadilisha kile kioo chenyewe, uache alama ya kudumu ndani, na 1989 Gerald Meltz na wenzake wakaonesha unaweza kuzichora hizo alama ukipiga miale ya urujuanimno kutoka ubavuni. Kwa hivo unachora mistari ndani ya kiini, imepangana kama ngazi, nusu mikromita hivi kutoka mmoja hadi mwengine, kwa sentimita moja unapata mistari zaidi ya 18,000. Kila mstari unarudisha mwanga kidogo sana, lakini kuna wimbi moja tu ambalo vipande vyake vyote vinavyorudi vinaangukiana, hilo linarudi kwa nguvu na mengine yanapita zake. Sisi tunatumia wimbi la nanomita 1550, macho hayalioni, na kwa sababu hiyo namwambia kila kijana ninayefanya nae kazi asichungulie ncha ya faiba hata sekunde moja.

Ukiivuta hiyo faiba mistari inaachana kidogo na lile wimbi linalorudi linasogea. Ukiinyosha kwa sehemu moja ya milioni, yaani kama fimbo ya mita moja imeongezeka mikromita moja, wimbi linasogea pikomita 1.2 (pikomita ni nanomita moja ukiigawa mara elfu), na mashine inaona. Kwa hivo unaizungusha faiba kwenye nondo, unagandisha kwa epoksi, unamwaga zege, na kutu ikianza kuvimba inaisukuma ile faiba nje na wimbi linahama. Nondo yenyewe inakuambia imevimba, kabla ufa haujafika kwenye lipu.

Kwa maneno inaskika rahisi, kilichonisumbua mimi ni joto. Kioo peke yake wimbi linasogea pikomita 10 kwa kila digrii moja, ukishaigandisha kwenye chuma inafika 24 hivi manake chuma nacho kinatanuka. Jua la saa saba mchana hapa linaweza kukupa "kutu" ambayo haipo kabisa! Ndo maana kila mahali nafunga mbili, moja imegandishwa na nyengine imelegea ndani ya kijibomba kidogo isiguse kitu, ile iliolegea inasoma joto peke yake, halafu unakokotoa joto la chuma unalitoa kwa hesabu. Mtu akikuuzia sensa moja bila ya mwenzake akakwambia inapima kutu, usimlipe.

La pili ni gundi. Kazi yangu ya kwanza ya baharini nilifunga vizuri, nikapata namba nzuri, baada ya miezi wimbi likarudi taratibu lilipotoka, na mteja akafurahi akijua kutu imesimama. Kutu haisimami hivo. Gundi ilikua imelowa imeachia, faiba imelegea, basi. Niliumia sana kwa sababu alikua anaamini namba yangu. Toka siku hiyo kila kipande nakiacha ndani ya maji ya chumvi kwanza kabla sijakipeleka saiti, na wanaomwaga zege nasimama nao mwenyewe manake vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege lishikane, ikigusa faiba imekwisha kazi.

Kuna aina nyengine naipenda, unapaka chuma chembamba sana kwenye ncha ya faiba. Kikiwa kizima mwanga unagonga unarudi, kikiliwa na chumvi mwanga unatoka nje na unaorudi unapungua. Ni ya mara moja, ikishaliwa imekufa, lakini unaweka kadhaa kwa kina tofauti ndani ya zege na unaona chumvi inavyoshuka kuelekea kwenye nondo. Ile ya kuvimba inakuambia kutu ishaanza, hii inakuambia iko njiani inakuja. Na kwa matangi ya mafuta zote mbili zina faida, pale ncha ya sensa hakuna umeme wa kutoa cheche.

Saa hizi nina vipande vitatu vya zege kule Tudor, kimoja juu kabisa, kimoja pale maji yanapopanda na kushuka, kimoja kiko chini siku zote. Cha chini kimetulia, kule oksijeni ni haba. Cha katikati, nikishatoa joto, kimebakisha pikomita 60 ambazo mwezi jana hazikuwepo. Maji yakitoka kesho nashuka nikakipime tena, na Jumamosi nimemuahidi yule mama wa Likoni tutafunga sensa kwenye balkoni ya pili, ambayo bado ni nzima.