Njia nyembamba kwenye bodi ya saketi: printa si kipimo

"Printa yangu inatoa nukta 1200 kwa inchi, njia nyembamba hazinisumbui."

Hivyo husema wanaotengeneza bodi nyumbani: mchoro wa njia za shaba huchapwa kwa printa ya tona (wino wa unga), huhamishiwa kwenye bodi kwa pasi ya moto, kisha asidi hula shaba isiyofunikwa. Hesabu inashawishi: inchi ni milimita 25.4, kwa hiyo nukta moja ni kama milimita 0.02. Ila baada ya printa kuna pasi, ambayo huyeyusha tona na kuitandaza, kisha asidi. Shaba ya kawaida kwenye bodi ina unene wa mikroni 35, na asidi haili kwenda chini tu. Inajipenyeza ubavuni pia, chini ya tona. Tuseme imekula mikroni 35 kila upande. Njia ya milimita 0.3 inabaki na 0.23, na jicho halioni tofauti. Ya 0.1 inabaki na 0.03, uzi mtupu, na ukichelewa kuitoa bodi hata huo uzi hauupati. Mimi kwa tona sishuki chini ya 0.25, na nafasi ikiwepo nachora 0.4 bila haya.

"Bodi ikikaa zaidi kwenye asidi inatoka safi zaidi."

Inatoka na njia zilizokonda. Dawa ni kuharakisha kazi: asidi iwe na uvuguvugu, chombo kitikiswe muda wote.

"Hatari ni njia kukatika tu."

Mwanya nao una lake. Tona ikikandamizwa mno, njia mbili jirani hugusana. Inamisha bodi kwenye mwanga: utaona kinywele cha shaba kati ya njia mbili, na mita ya umeme italia kukuthibitishia. Kinakwanguliwa kwa ncha ya wembe, kabla hujaunga kifaa chochote.

"Filamu inayohisi mwanga inamaliza mchezo."

Inasaidia kweli: hubandikwa kwenye bodi badala ya tona, ikamulikwa kupitia mchoro uliochapwa kwenye plastiki angavu, na milimita 0.15 inafikika. Lakini upande wa plastiki wenye wino usipolalia bodi, mwanga hupenya kupitia unene wa plastiki na kuingia chini ya mistari. Chapa mchoro uliogeuzwa kama kwenye kioo.

"Chipu yenye miguu ya nusu milimita ni ya kiwandani."

Hapana. Nusu hiyo ni kutoka katikati ya mguu hadi katikati ya mwingine: pedi (kipande cha shaba kinachoungwa mguu) 0.25, mwanya 0.25. Kinachoshindikana ni kupitisha njia katikati ya miguu. Risasi ya kuungia nayo itaruka mguu hadi mguu, maana bodi yako haina ile rangi ya kijani ya kuizuia. Paka flaksi (dawa inayosaidia risasi kushika vizuri), unyonye risasi ya ziada kwa utambi wa shaba.