Je, wajua kwa nini kutojua kunatesa kuliko habari mbaya yenyewe?

Ukipita Uyole kwenda Inyala, huku kwetu Mbeya, mwezi Novemba, au ukipanda Umalila, utakuta mashamba yameshalimwa na wenyewe wanatazama juu. Nyanda za Juu Kusini hatuna vuli na masika kama Kilimanjaro. Mvua yetu ni msimu mmoja tu, unaoanza kwenye Novemba na kuishia Aprili au Mei. Ukipanda kwa mvua ya kwanza kisha jua likawaka wiki mbili, mbegu inaharibikia ardhini. Ukichelewa, mvua inakatika mahindi hayajakomaa. Na hela ya mbegu na mbolea ya kupandia imeshatoka, pengine ni mkopo wa kikoba. Hapo ndipo watu wazima wanapokosa usingizi.

Mwaka 2016 watafiti wa University College London walichapisha matokeo ya jaribio lililohusu watu 45. Kila mmoja alikaa mbele ya kompyuta na kubahatisha kama chini ya jiwe analoliona kuna nyoka. Nyoka akitokea, anapigwa shoti mkononi, ndogo lakini inauma. Huku nyuma walikuwa wanapima jasho na mboni za macho. Mwili ulihangaika kuliko wakati wote pale uwezekano wa shoti ulipokuwa nusu kwa nusu. Hata pale mtu alipojua kwa hakika kwamba shoti inakuja, alikuwa na afadhali.

Ubongo hutaka kujua kinachofuata ili uuandae mwili. Ukishajua, hata kama ni baya, unapanga. Usipojua, unabaki macho: moyo unaenda mbio, misuli inakaza, kotisoli, yaani homoni ya msongo, inapanda. Kwa hiyo hofu ya namna hii ni kazi ya mwili, na kumwambia mwenye nayo kwamba hana imani ni kumtwisha mzigo wa pili. Nalisema hili kwa uchungu, maana tunaambiana hivyo mara nyingi mno, hata kanisani.

Sasa imani inasaidiaje? Mhubiri 11:4 inasema: "Mwenye kuuangalia upepo hatapanda, naye ayatazamaye mawingu hatavuna." Andiko hili haliahidi kwamba mvua itanyesha. Linamwambia mkulima kuwa uhakika anaousubiri hautakuja, kwa hiyo ashike jembe bila huo uhakika. Kwangu hiyo ndiyo imani: hofu ipo, na mkono unapanda.

Makanisa mengi ya huku huwa na ibada ya kuombea mbegu kabla ya msimu. Watu wanakuja na mahindi kwenye bakuli, maharage yamefungwa kwenye ncha ya kanga, viazi kwenye kikapu, wanaviweka mbele. Vikishaombewa, mtu anarudi na vyake nyumbani na kuvichanganya na mbegu iliyobaki. Aliyekesha peke yake na mawazo anaona jirani naye kaleta bakuli lake, na siku ya kupanda inaanza kuzungumzwa pale pale nje ya kanisa.

Sala yenyewe nayo inaugusa mwili. Mwaka 2001 mtafiti wa Italia, Luciano Bernardi, na wenzake walichapisha utafiti wa watu 23 waliosali Salamu Maria ya rozari kwa Kilatini. Pumzi zao zilishuka hadi kama sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakaenda kwa mpangilio mzuri zaidi. Pumzi ikitulia, kichwa nacho kinapata nafasi ya kufikiri.

Na mkulima mwenye imani hufikiri sana. Mwangalie mama anayepanda mahindi huku: anafukua shimo, anatia mbolea, anaifunika na udongo kidogo ili isiunguze mbegu, ndipo anadondosha punje mbili na kufukia kwa mguu. Shamba halimalizi siku hiyo. Kipande kingine anakiacha hadi mvua ya pili au ya tatu. Pembeni ana viazi mviringo. Ndani amebakiza mbegu kidogo, na baada ya wiki mbili hivi anapita mstari kwa mstari akitazama mashimo ambayo hayajaota, anarudishia.